Shajara ya Mikindani: kutafuta bodi ya lenzi za skrubu

6 Mei

Mvua zimekatika, kusi imeanza kusukuma, na mwanga wa Mikindani umerudi kuwa ule ninaoupenda: mkali, safi, na vivuli vyenye makali. Mradi unaanza rasmi. Nataka kupiga milango na kuta za zile nyumba za mawe ya matumbawe, kwa filamu nyeusi na nyeupe, nyumba moja baada ya nyingine, kabla msimu mwingine wa mvua haujalaza ukuta mwingine. Mikindani ilikuwa bandari kabla Mtwara haijawa mji. Livingstone aliingilia hapo mwaka 1866 kuanza safari yake ya mwisho barani, na Wajerumani walijenga boma lao pale kilimani mwaka 1895. Waingereza walipokuja na mpango wao wa karanga mwishoni mwa miaka ya 1940, bandari mpya ikajengwa Mtwara, Mikindani ikabaki na nyumba zake. Boma limekarabatiwa vizuri. Nyumba nyingi za chini hazikupata bahati hiyo, na mvua ya kusini haina subira na ukuta wa chokaa usiopakwa tena.

Lenzi ninazo. Zimetoka kwenye sanduku la mjomba, aliyekuwa na studio ya picha Masasi mpaka simu zilipowaondolea watu haja ya kwenda studio. Bodi yake mwenyewe, yaani mwili wa kamera bila lenzi, iliuzwa zamani. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kupata bodi, na ndiyo nitakayoiandika hapa.

9 Mei

Nimezitoa lenzi zote juu ya mkeka, mlango wazi, mgongo nimeupa mwanga. Kuna Helios-44-2 ya 58 mm f/2 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi liko wazi zaidi), ya Kirusi, iliyotokana na Biotar ya Wajerumani. Kuna Mir-1 ya 37 mm f/2.8, ambayo pembeni imechongwa maandishi ya tuzo ya Brussels 1958, na hii ndiyo itakayobeba kazi kwenye vichochoro vyembamba. Kuna Super-Takumar ya 55 mm f/1.8 na Pentacon auto ya 50 mm f/1.8. Halafu kuna Jupiter-8 ndogo, nyeupe kama fedha, iliyowekewa pete ya kuongeza kipenyo.

Nne za kwanza ni za skrubu, yaani zinafungwa kwenye bodi kwa kuzungushwa, na meno yake ni ya aina moja, M42. Kipenyo ni milimita 42, na kwa kila mzunguko mmoja lenzi inaingia milimita 1. Mfumo huu ulitoka Dresden mwaka 1949 na kamera za Contax S na Praktica. Asahi wa Japani wakauchukua kwa Pentax yao ya kwanza mwaka 1957, Warusi wakauweka kwenye Zenit, na kampuni nyingine nyingi zikafuata. Ndiyo maana sanduku moja la Masasi linaweza kuwa na lenzi za nchi tatu na zote zikataka bodi moja. Hakuna mfumo mwingine wa enzi ile ninaouheshimu kuliko huu.

Namba ya 42 kila mtu anaijua. Inayonisumbua zaidi mimi ni 45.46: hizo ni milimita kutoka uso wa bodi, pale lenzi inapokaa, hadi kwenye filamu. Jupiter-8 imenionyesha maana yake leo hii. Ilitengenezwa kwa kamera za meno ya milimita 39 za mtindo wa Leica, ambazo umbali huo ni 28.8. Kwa pete yake inaingia kwenye M42 bila kulalamika, lakini inakuwa imesogea mbele kwa karibu milimita 17, na kutoka hapo inaona sawasawa vitu vilivyo kama sentimita 20 tu mbele yake. Mlango mzima haiwezi. Msumari mmoja wa mlango inaweza, tena vizuri. Nimeitenga pembeni.

Hali ya vioo: Helios ina nyuzi mbili za fangasi ukingoni, Takumar ina moja katikati ya kioo cha nyuma, Mir ina vumbi tu. Pentacon ni safi kabisa. Unyevu wa pwani yetu hauna huruma na lenzi iliyolala gizani kwenye sanduku la mbao, kwa hiyo zote zimehamia kwenye kontena la plastiki lenye kifuniko cha kubana, pamoja na vile vifuko vya kukausha vinavyokuja na maboksi ya viatu. Fangasi za ukingoni haziharibu picha ya mchana. Hiyo ya katikati ya Takumar nitampelekea fundi.

11 Mei

Leo nimekaa na pini.

Igeuze Pentacon uitazame kwa nyuma. Karibu na ukingo wa kioo utaona kipini chembamba cha chuma kimechomoza milimita chache. Weka pete ya apecha, yaani tundu la kupitisha mwanga, kwenye f/8, halafu tazama ndani: majani, vile vibati vinavyolifunga tundu hilo, yamebaki wazi kabisa, kama vile hukuigusa pete. Bonyeza kipini kwa ukucha. Majani yanafunga mara moja hadi f/8. Achia, yanafunguka. Ndiyo ufundi wa apecha ya auto: unafokasi lenzi ikiwa wazi, picha inang'aa kwenye kitundu cha kuchungulia, na ukibonyeza kitufe cha shata, ile inayoachia mwanga ufike kwenye filamu, kuna bati ndani ya bodi linalosukuma pini ili majani yafunge sekunde ile ile ya kupiga.

Takumar nayo ina pini, lakini ina swichi pembeni yenye herufi mbili za A na M. Ukiiweka M, majani yanafuata pete, pini isukumwe au isisukumwe. Helios na Mir hazina pini. Zina pete mbili: moja ya kupanga namba unayoitaka, nyingine ya kufunga na kufungua kwa mkono. Unafokasi ikiwa wazi, unazungusha, unapiga.

Pentacon yangu haina swichi. Bila bati la kusukuma pini, itapiga kwa f/1.8 siku zote, mpaka kiama. Wapo wanaoibandika pini kwa gundi ibaki imezama. Sitaki kubandika gundi kwenye lenzi iliyotunzwa na mjomba miaka yote hiyo, na pia ningepoteza ule mwanga wa kufokasia.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini nisiiache tu, nikatumia hizo nyingine. Sababu ni milango. Pentacon inafokasi kutoka sentimita 33. Takumar inataka 45, Helios nusu mita. Michongo ya milango ya Mikindani iko kwenye mihimili na kwenye ule ubao wa juu, na baadhi imeliwa sana na chumvi hata ukikaa mbali huioni. Sentimita 33 ndiyo inayonipa ua moja la mchongo likijaza fremu. Kwa hiyo sharti la kwanza la bodi limeandikwa na lenzi yenyewe: lazima iwe na bati la kusukuma pini.

15 Mei

Bodi ya kwanza nimeonyeshwa Shangani na mzee mmoja aliyesomea uhandisi Urusi miaka ya 1970. Zenit-E, ndani ya mfuko wake wa ngozi, na karatasi ya maelezo bado ipo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, kijana. Ichukue, iangalie. Hii haijawahi kulala njaa ya betri."

Kweli, haina betri. Mita yake ya mwanga ni ya seleni, ile safu ya vijidirisha juu ya jina, inajitengenezea umeme kutokana na mwanga wenyewe. Zenit-E ilianza kutengenezwa Krasnogorsk mwaka 1965, na mwili wake ni chuma kitupu. Shata ya mzee ilikuwa inalia sawa kila spidi. Sindano ya mita ilinyanyuka kidogo tu juani. Seleni yake imechoka.

Lakini haina bati la pini. Hapo tu ingetosha. Kuna mengine mawili ambayo kwa milango ni makubwa: spidi za shata zinaanzia 1/30 ya sekunde na kuishia 1/500, na kitundu cha kuchungulia kinaonyesha milimita 20 kwa 28 tu wakati filamu ni 24 kwa 36. Theluthi moja ya picha huioni unapopiga. Kwa mtu anayepiga watoto wakicheza mpira si neno, atakata baadaye. Mimi nataka mhimili wa mlango ukae milimita chache kutoka ukingo wa fremu, pande zote mbili. Nilimshukuru mzee, nikamwambia aitunze, maana kwa Helios ile ni ndoa kamili na kijana yeyote anayeanza angeifurahia.

18 Mei

Rafiki yangu wa Chikongola ananishawishi nichukue Pentax K1000 yake na adapta. Hoja yake ina nguvu. Pentax walipoacha skrubu mwaka 1975 na kuhamia mfumo wa kubana wa K, waliacha umbali ule ule wa 45.46. Pete nyembamba inatosha, na lenzi ya M42 inafokasi hadi upeo wa macho bila kioo cha kuongeza. K1000 ilitoka mwaka 1976, ikatengenezwa hadi 1997, na vipuri vyake bado vinapatikana kuliko vya kamera yoyote ninayoitaja hapa.

Kwa Helios, Mir na Takumar ningesema ndiyo leo leo. Adapta haisukumi pini. Tumerudi palepale.

Anayesoma hapa mwenye Nikon aelewe kwamba kwake hali ni ngumu zaidi: umbali wa Nikon ni 46.5, mkubwa kuliko wa M42, kwa hiyo lenzi inakaa mbali kupita kiasi na haifiki upeo wa macho mpaka uongeze kioo kwenye adapta. Kioo hicho cha bei nafuu huharibu kile ulichokifuata kwenye lenzi ya zamani.

2 Juni

Zimebaki mbili, na zote zimefika mezani. Pentax Spotmatic imetoka Dar kwa basi, kwa kijana anayeuza kamera za mitumba, kwa makubaliano kwamba nikiikataa inarudi. Praktica MTL 5 ni ya mwalimu mstaafu wa Lindi. Amenipa niitumie kwanza, bei tutaongea.

Spotmatic ilianza kuuzwa mwaka 1964, mita yake ikisoma mwanga unaopita kwenye lenzi yenyewe. Ukiishika tu unaelewa kwa nini inasifiwa. Kitundu chake kinang'aa, lever ya kusogeza filamu inateleza bila kukwama, na pembe zake zinajaa mkononi. MTL 5 ni ya miaka ya 1980, Dresden ilipokuwa Ujerumani Mashariki. Imetengenezwa kwa pembe na kona, kitundu chake ni cheusi kidogo, na ikipiga unasikia kishindo. Kitufe chake cha shata kiko mbele, kimeinama, siyo juu. Kidole kinabana bodi kurudi usoni badala ya kuisukuma chini, na kwa spidi za polepole mimi naona mkono unatulia zaidi.

Zote mbili zina bati la pini. Zote zinaanzia sekunde 1 hadi 1/1000. Zote zinafanya kazi bila betri, betri ni ya mita tu. Tofauti kubwa iko kwenye shata. Ya Spotmatic ni mapazia mawili ya kitambaa chenye mpira, yanakimbia kwa ulalo. Ya Praktica ni vibati vya chuma vinavyokimbia juu chini.

Huko kwenye mazungumzo ya wapenda kamera nimeambiwa na wengi: chukua Spotmatic, usifikirie mara mbili. Nawaelewa. Ila mimi sinunui jina la mwaka 1964. Nanunua kipande hiki kimoja kilichopo mezani, ambacho kimepitia mikono na majoto nisiyoyajua. Lazima vipimwe.

Spidi za polepole nimezipima kwa simu. Simu inarekodi fremu 240 kwa sekunde. Unafungua mgongo wa kamera, unaielekeza dirishani, unarekodi shata ikifunguka, halafu unahesabu fremu zenye mwanga. Sekunde 1 itoe kama 240, 1/30 itoe 8, 1/60 itoe 4. Praktica iko karibu sana na hizo. Spotmatic kwenye sekunde 1 imezidi fremu 300. Grisi ya gia za polepole imekauka. Hilo halinitishi, ni kazi ya kusafisha.

Spidi za juu simu haiziwezi. Hapo inatakiwa televisheni ya chogo.

4 Juni

Fundi wa redio na TV karibu na Soko Kuu bado ana moja ya inchi 14, anaitumia kupimia deki. Nilimweleza ninachotaka, akacheka kwa furaha, akafunga mlango na kutundika kanga dirishani.

Kazi iko hivi. Televisheni ya chogo haichori picha yote kwa mkupuo. Mshale mmoja wa mwanga unachora mstari baada ya mstari, kutoka juu kwenda chini, na kwa mfumo wa PAL, wa televisheni za chogo za huku, ni mistari 15,625 kwa kila sekunde. Ukipiga shata ya kweli ya 1/1000 mbele yake, kila sehemu ya fremu inaona mistari 15 au 16 tu ikiwaka. Kwa 1/500 ni 31. Kwa 1/250 ni 62. Na kwa kuwa tundu la shata linakimbia kwa ulalo wakati mshale unashuka, unachokiona ni ukanda wa mwanga uliolala mshazari. Televisheni imekuwa saa.

Tukaondoa lenzi, tukafungua mgongo, tukaisogeza bodi karibu na kioo cheupe. Simu ikakaa nyuma ya bodi kwenye stendi, imepangwa kuacha mwanga uingie robo sekunde. Fundi anahesabu sekunde, mimi nabonyeza.

Spotmatic kwenye 1/1000: ukanda ulianza mnene upande mmoja na kuishia mwembamba upande wa pili. Tulikuza picha kwenye simu tukahesabu pamoja, yeye akigusa kila mstari kwa ncha ya bisibisi. Mistari 16 mwanzoni. Katikati 11. Mwishoni 6.

"Sasa hiyo maana yake nini, mwanangu?"

Nikamweleza kwamba pazia la pili linalikaribia la kwanza wakati yanakimbia. La kwanza limechoka, la pili bado lina nguvu. Upande mmoja wa picha ungepata mwanga sawa, wa pili ungekuwa mweusi kwa zaidi ya stopu moja, yaani ungepata chini ya nusu ya mwanga huo. Anga juu ya boma lingetoka na giza upande mmoja.

Alitaka tujaribu 1/250, na hapo ndipo nilipojifunza zaidi. Ukanda ulikuwa na mistari 62 upande mmoja na 52 upande wa pili. Kosa ni lile lile, mistari 10, kwa sababu muda unaopotea ni ule ule. Lakini kumi katika sitini jicho halioni kwenye negativu. Kumi katika kumi na sita unaona. Ndiyo maana picha za mfano alizonitumia muuzaji zilikuwa nzuri na zilikuwa za kweli. Zilipigwa jioni, kwa spidi za katikati. Anayenunua bodi ya shata ya kitambaa na aombe picha ya anga tupu kwa spidi ya juu kabisa, hiyo ndiyo inayosema.

Praktica tuliilaza ubavu. Shata yake inakimbia juu chini, na ikikimbia njia moja na mshale wa TV hesabu inavurugika. Ukiigeuza isimame wima kama unapiga picha ya mtu, vibati vinakimbia kwa ulalo mbele ya kioo, na ukanda wa mshazari unarudi. Mistari 14 mwanzoni, 14 katikati, 15 mwishoni. Tukarudia, ikatoa hivyo hivyo. Inakimbia haraka kidogo kuliko inavyosema, kiasi ambacho hakina maana, na iko sawa ukingo hadi ukingo. Fundi aliishika, akaigeuza geuza, akasema chuma kimetulia.

5 Juni

Kwa nini naisumbukia 1/1000? Ni hesabu ya jua letu. Saa sita mchana, filamu ya ISO 100, kanuni ya siku zote ni f/16 kwa 1/125. Nikitaka f/8, ambapo lenzi hizi zote ni kali kuliko mahali pengine, niko 1/500. Sasa nenda kivulini, kwenye baraza, ambapo mwanga unapungua stopu tatu: f/5.6 kwa 1/125 au pungufu kidogo. Nikitaka kupiga mtu amekaa barazani kwa Helios ikiwa wazi f/2, majani ya miti nyuma yake yakionekana kama yanazunguka, nahitaji kama 1/800. Zenit yenye 1/500 ingepitiliza. Bodi yenye 1/1000 ya kweli inanipa picha hiyo bila kichujio cha kupunguza mwanga. Na juani, f/2 haiwezekani kwa bodi yoyote kati ya hizi, hiyo niiachie.

Zipo bodi za M42 zinazokwenda mbali zaidi. Fujica ST801 ya mwaka 1972 inafika 1/2000. Na Cosina walitoa Bessaflex TM mwaka 2003, wakati kila mtu alishasahau skrubu, bodi mpya kabisa kwa ajili ya lenzi kama hizi. Sijaiona hata moja upande huu wa Rufiji.

Nimeamua: Praktica. Spotmatic imefungwa vizuri kwenye boksi na inarudi Dar, pamoja na picha za ukanda wa TV ili muuzaji amweleze mnunuzi wake au aipeleke kwa fundi. Ni bodi nzuri inayohitaji mtu wa kuzirekebisha spring za mapazia, na mtu huyo simfahamu hapa Mtwara.

12 Juni

Kazi ya mkono. Sponji ya kuzuia mwanga kwenye mgongo wa Praktica imegeuka lami. Ukigusa inakushika kidole, na vipande vikidondoka kwenye vibati vya shata umejitafutia balaa. Nimezikwangua kwa kijiti cha mianzi nilichokichonga, sikutumia chuma, kisha pamba yenye spiriti, kamera ikiwa imeinamishwa ili uchafu uangukie nje. Njia mbili nyembamba za juu na chini nimezijaza uzi mweusi wa sufu kutoka kwa mama anayefuma kofia. Upande wa bawaba nimeweka kipande cha mahameli meusi. Ile sponji ndogo inayopokea kioo cha ndani cha kuakisi kinaporuka juu nimeibadilisha pia. Ikiachwa, kioo kinaganda kwenye ile lami.

Mita: betri yake ya asili, PX625 ya zebaki ya volti 1.35, haiuzwi tena. Nimeweka LR44 ya kawaida, ya kwa wauza saa, na pete ya mpira kuishika katikati. Nimelinganisha na programu ya simu. Kwenye ukuta uliopigwa na jua zinakubaliana. Ndani ya chumba Praktica inataka stopu moja zaidi. Nitaiamini nje, ndani nitatumia simu.

20 Juni

Roli ya kwanza, Fomapan 100, imepigwa Mikindani asubuhi na mapema, na leo nimeisafisha nyumbani. Maji ya bomba yalikuwa nyuzi 28. Dawa ya D-76 inataka 20. Barafu za kwenye mifuko, za jirani, zimenishushia beseni taratibu, na chupa zote zimekaa humo mpaka zikalingana. Usitumbukize barafu kwenye dawa yenyewe, inaizimua.

Negativu zimekauka. Anga la boma kwa 1/1000, f/5.6, liko sawa kutoka kona hadi kona. Hakuna mwanga uliopenya mgongoni, hata kwenye fremu nilizoiacha kamera juani makusudi. Pentacon kwa sentimita 33 imetoa mchongo wa mhimili na nyufa za mti na punje za chumvi ndani ya nyufa. Fremu hiyo peke yake imelipia safari ya Dar ya ile Spotmatic. Mir-1 inalegea kidogo kwenye kona ikiwa f/2.8, f/8 imenyooka. Helios kivulini ni kama nilivyotarajia.

Kwenye nyumba moja karibu na maji nilipiga hodi kuomba ruhusa ya mlango.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Mlango tu? Na mwenye mlango?"

Akatoa kigoda, akakaa mbele ya mhimili, akaweka kanga yake sawa. Hiyo ndiyo fremu ya Helios. Alinieleza mlango uliletwa na babu yake kwa jahazi, na kwamba ubao wa juu ulipasuka mvua za mwaka jana. Nimemwahidi picha ya karatasi, kubwa, ya kutundika.

23 Juni

Nimeongea na mwalimu wa Lindi kwa simu. Amekubali niichukue Praktica kwa malipo ya mafungu mawili, la pili baada ya msimu wa korosho kufunguliwa, na sharti moja: nifike Lindi na lenzi zangu nipige nyumba ya mawe ya ukoo wake, ambayo paa lake halitafika mwakani. Nimemwambia naja.

Kabla ya hapo nina haya: Takumar iende kwa fundi ifunguliwe kioo cha nyuma, nitafute kofia ya lenzi ya milimita 49 ya kuikinga na jua la pembeni, na nichapishe picha ya bibi. Jumamosi narudi Mikindani na Mir-1, kwenye milango inayotazama mashariki, kuanzia saa moja na nusu hadi saa tatu, kabla mwanga haujawa wa juu na kuifuta michongo.